Mashine ya betri ya kukata nyasi: Mambo ya kupima kabla ya kununua

MVUA zinaponyesha kati ya Novemba na Mei, ukoka katika bustani za nyumbani mjini Shinyanga, Kahama na Geita huota haraka kuliko mwenye nyumba anavyoweza kumpata kijana wa fyekeo. Mashine ya kusukuma inayotumia betri huvutia, kwani haihitaji petroli wala waya wa kuburuta nyuma. Hata hivyo, bei yake si ndogo, na kasoro nyingi hugundulika baada ya risiti kuandikwa.

La kwanza ni betri. Mnunuzi asiridhike na volti zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Azizidishe kwa ampea-saa apate wati-saa, yaani akiba halisi ya nishati. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Mota ikitumia wati 400, akiba hiyo huisha kwa takriban dakika 20, na mapema zaidi nyasi zikiwa ndefu au zimelowa. Mashine yenye upana wa sentimita 33, ikisukumwa nusu mita kwa sekunde, hukata mita za mraba 100 kwa dakika kama 10, bila kuhesabu kugeuka na kurudia mistari. Hapo betri moja yatosha. Bustani ya mita za mraba 300 yahitaji mbili. Chini ya mita za mraba 50, kwa kweli, fyekeo linatosha na fedha zibaki mfukoni.

Chaja nayo isisahaulike. Umeme wetu ni wa volti 230. Chaja iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani pekee yaweza kuungua siku ya kwanza. Aidha, betri ya chapa moja kwa kawaida haiingii katika mashine ya chapa nyingine, hivyo uliza kwanza kama ya akiba inapatikana Mwanza au Dar es Salaam.

Udongo mweusi wa mbuga Shinyanga hunata ukilowa, subiri ukauke. Kwenye changarawe za Geita, okota mawe kwanza, vaa viatu vigumu, na toa betri kabla ya kugusa kisu.

Nyasi zilizofika magotini zianze kwa fyekeo. Baadaye mashine isiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Majani yaliyokatwa, katika nchi ya Wasukuma waliozoea kutenga ngitili kwa malisho ya kiangazi, hayakosi mbuzi wa jirani.

Kiangazi kikiingia, hifadhi betri ikiwa na chaji nusu, ndani ya chumba chenye ubaridi, si kwenye stoo ya bati wala garini.