Mtaalamu wa tiba kwa vitendo: ni nani, na familia za visiwani zimtafute vipi?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika masuali yanayotufikia kutoka Unguja na Pemba, moja huja kwa sura nyingi. Mzazi ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au kijana ana baba aliyepigwa na kiharusi. Hospitali wamekwenda, visomo wamefanya, mazoezi ya viungo wamejaribu. Mgonjwa bado hatembei. Familia inauliza: je, tumefika mwisho, tuseme hii ni kadari na tutulie?

Tukiwauliza nao huyo mgonjwa anakulaje, anaogaje, anatawadhaje na anavaaje, jibu huwa moja: "Tunamfanyia sisi." Hapo ndipo tunapotaka kusimama leo. Iko tiba ambayo lengo lake ni hayo hayo: kula, kuoga, kuvaa, kuandika, kusali, kufanya kazi. Mtu anaweza asitembee maisha yake yote, na bado akajilisha mwenyewe na akajitia udhu. Wengi wetu hatukuambiwa kwamba tiba hiyo ipo.

Kazi yake ni ipi?

Tiba hii katika nchi yetu huitwa tiba kwa vitendo, na wengine huiita tiba kazi. Watu huichanganya na fiziotherapia. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulikia zaidi mwili na mwendo: nguvu za misuli, viungo visikakamae, kukaa, kusimama na kutembea. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huanza na shughuli yenyewe. Hutazama mtu anashindwa wapi katika kuvaa kanzu, kisha hufanya mojawapo ya mambo matatu: humfundisha njia nyingine ya kuvaa, hubadilisha chombo, au hubadilisha mahali. Mara nyingi mgonjwa mmoja huhitaji wataalamu wote wawili.

Tutoe mifano. Mtoto asiyeweza kushika kijiko chembamba huweza kushika kile kilichozungushiwa kitambaa au mpira kwenye mpini ukawa mnene. Mtoto anayepaliwa kila akilishwa, huenda tatizo ni kwamba analishwa akiwa amelazwa. Hutafutiwa kiti kinachomshikilia kiwiliwili, akakaa wima, kichwa kikainama kidogo mbele. Mzee wa kiharusi hufundishwa kuutia kwenye mkono wa nguo ule mkono dhaifu kwanza, na wakati wa kuvua autoe mwisho. Bafuni huwekwa kiti cha plastiki kisichoteleza, kishikio ukutani, na kata yenye mpini mrefu.

Kwa watoto wenye usonji au ulemavu wa akili, mtaalamu huyu hugawanya jambo kubwa katika hatua ndogo ndogo. Kupiga mswaki si jambo moja. Ni kuushika, kuulowesha, kuutia dawa, kusugua na kusukutua. Mtoto hufundishwa hatua moja mpaka aizoee, kisha ifuatayo. Mama aliyefundishwa njia hii huweza kuitumia hata katika kumfundisha mwanawe udhu.

Kuitafuta ni katika kutafuta dawa

Wapo wanaodhani kwamba tiba ni ile inayoondoa maradhi tu, na kwamba baada ya hapo kilichobaki ni subira. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha waja wa Mwenyezi Mungu watafute dawa, kama ilivyopokewa katika hadithi ya Usama bin Sharik. Kumsaidia mtu aweze kuishi na hali yake kunaingia humo. Subira haina maana ya kukaa mikono mitupu, na kuridhika na kadari hakumzuii mzazi kumtafutia mwanawe kijiko anachoweza kukishika.

Tena mafunzo ya dini yetu juu ya mwenye udhuru yanafuata njia hiyo hiyo. Imran bin Huswayn (R.A.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu sala. Alielekezwa asali kwa kusimama. Akishindwa, kwa kukaa. Akishindwa, kwa ubavu. Hakuambiwa aache, wala hakutakiwa asiloliweza. Alitafutiwa namna.

Pa kuanzia

Wataalamu wa fani hii ni wachache, na hatutaki kuwapa watu matumaini ya uongo. Lakini uchache wao ni sababu ya kujua njia mapema.

Kwanza, anzeni katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nanyi, na mlitaje jambo kwa jina lake. Msiseme tu "mtoto hatembei". Semeni: "Tunataka apimwe na mtaalamu wa tiba kwa vitendo." Kama hayupo hapo, ombeni barua ya rufaa. Ulizeni pia kitengo cha fiziotherapia, kwani mara nyingi wao ndio wanaojua nani yuko wapi.

Pili, ziendeeni jumuiya za watu wenye ulemavu. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, upo tangu mwaka 1985. Ipo pia jumuiya inayoshughulikia watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD. Humo mtawakuta wazee waliotangulia katika njia hii, na aliyekutangulia njia hukuonesha shimo lilipo. Kama mtoto anasoma skuli yenye elimu mjumuisho, mwalimu wake naye aulizwe.

Tatu, kwa wanaolazimika kuvuka bahari, hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani, Dar es Salaam, inajulikana kwa huduma za watu wenye ulemavu, na tiba hii imo. Kule Moshi, KCMC ina hospitali na pia chuo kinachosomesha wataalamu wa fani hii. Kabla ya kukata tiketi ya boti, pigeni simu mjue siku za kliniki, gharama, na karatasi zinazohitajika.

Mkifika mbele ya mtaalamu

Chukueni kadi ya kliniki na vyeti vya hospitali. Chukueni pia picha za video za simu zinazomuonesha mgonjwa akila na akivaa nyumbani, ila zisioneshe uchi wake. Andikeni mambo matatu tu mnayotaka ayaweze, kwa mpangilio wa umuhimu. Mkisema mnataka kila kitu, mtarudi bila ya kitu.

Ulizeni: Je, una cheti na leseni ya fani hii? Lengo la miezi mitatu ya mwanzo ni lipi? Sisi nyumbani tufanye nini kila siku, na kwa dakika ngapi? Suali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote kwetu watu wa visiwani. Anayeishi Micheweni hawezi kwenda Dar es Salaam kila wiki. Kwa hiyo omba ufundishwe wewe, na umrikodi mtaalamu, kwa idhini yake, akionesha. Mlezi asiyefundishwa amepoteza nauli.

Jihadharini na anayeahidi kwamba mtoto atatembea baada ya wiki kadhaa, anayetaka fedha zote mwanzo, au anayekataa mzazi asiwepo chumbani.

Mambo ya kifiqhi yanayojitokeza

*Mtaalamu wa kiume kwa mgonjwa wa kike, na kinyume chake.* Asili ni kumtafuta wa jinsia moja. Asipopatikana, inajuzu kwa haja ya tiba, awepo maharimu au mtu mwaminifu, na isifunuliwe wala kuguswa ila sehemu inayohitajika. Kukosekana kwa mtaalamu mwanamke kusiwe sababu ya binti kuachwa bila ya tiba.

*Kula kwa mkono wa kushoto.* Baadhi ya wazee huwagombeza watoto ambao mkono wao wa kulia hauna nguvu. Imamu Nawawi ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba mwenye udhuru unaomzuia kutumia mkono wa kulia, kama maradhi au jeraha, hana karaha kutumia wa kushoto. Vivyo hivyo katika kuvaa: kuanza na kulia ni sunna, na aliyepooza kushoto akilazimika kuanza na mkono huo hana dhambi yoyote.

*Kusaidiwa udhu.* Asiyeweza kutawadha mwenyewe hutawadhishwa, na nia huiweka yeye. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ngozi ya mume na mke zikigusana udhu hutenguka. Basi mke anayemtawadhisha mumewe na avae glavu au atumie kitambaa kizito kinachozuia ngozi zisigusane, au kazi hiyo aifanye mtoto wao. Mama na mwanawe, au baba na bintiye, hawana tatizo hilo. Mwambieni mtaalamu kuhusu udhu na sala, maana hayo nayo ni shughuli za kila siku. Asipoambiwa hatajua kwamba mgonjwa wenu anataka kuweza kusujudu.

Gharama, na zaka

Tunaulizwa kama zaka inaweza kutumika. Ulemavu peke yake si miongoni mwa mafungu manane yaliyotajwa katika Suratu Tawba, aya ya 60. Lakini mwenye ulemavu aliye fakiri au masikini anastahiki kwa ufakiri wake, na mahitaji yake ya tiba, nauli na vifaa yanazingatiwa katika kumpa. Akiwa ni mtoto au hana akili timamu, hupokea walii wake kwa niaba yake. Mtoto ambaye baba yake anamudu kumtunza hapewi kwa jina la ufakiri, wala baba hawezi kumpa zaka yake mtoto ambaye ni wajibu wake kumlisha. Sadaka, hata hivyo, mlango wake ni mpana. Kamati ya msikiti inayochangisha mazulia inaweza pia kuchangisha nauli za boti za familia mbili au tatu.

Kusitiri si kuficha

Tumalizie na jambo linalouma. Yapo majumba ambayo mtoto mwenye ulemavu hubakia chumba cha uani, mgeni akija mlango hufungwa, na husemwa kwamba anasitiriwa. Sitara ni kumvisha, kumuosha na kuilinda heshima yake. Kumfungia ni jambo jengine kabisa. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu, na kwa ajili yake ziliteremshwa aya za mwanzo za Surat Abasa. Alikuwa akiadhini Madina, na Mtume (S.A.W.) alimwachia mji alipotoka safari.

Mtoto aliyefungiwa hawezi kuonwa na mtaalamu yeyote, hata mtaalamu huyo akija kufungua kliniki mtaani kwenu. Na wazee, ipo siku mtatangulia. Ndugu zake watamchukua kwa wepesi zaidi akiwa anajilisha na anajisafisha mwenyewe, hata nusu yake. Mafunzo hayo huchukua miaka, kwa hiyo yaanze sasa wakati mna nguvu. Mlio na mtoto uani, mfungulieni mlango wiki hii na mumpeleke kituoni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape wepesi wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowalea, na awalipe wanaowahudumia. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.