Betri Ikichemka Chini ya Kitanda: Hatari Zake na la Kufanya

Kila kiangazi, barabara za Hispania, Ufaransa na Ureno hujaa magari ya nyumba, yaani magari yenye kitanda, jiko, friji na choo, ambamo familia husafiri na kulala kwa wiki kadhaa. Taa, friji na pampu ya maji havitumii betri ya kuwashia injini, bali betri nyingine za ndani, ambazo aghalabu hufichwa chini ya kiti au kitanda. Kwa hiyo betri hizo zikichemka usiku, kuna mtu amelala juu yake.

Betri inayochajiwa hupata joto kidogo, na vuguvugu si tatizo. Lakini ikiwa ya moto kiasi cha mkono kushindwa kutulia juu yake, ikavimba, ikatokota au ikanuka mayai viza, basi ama kuna seli iliyokufa, ama chaja inazidisha umeme.

Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ina seli 6, kila moja ikiwa na takriban volti 2.1 inapojaa. Seli moja ikipiga shoti, volti za betri nzima hushuka hadi 10.5 hivi. Chaja huiona kama betri iliyoisha, ikaendelea kusukuma umeme kuelekea volti 14.4, na mzigo wote ukaangukia seli 5 zilizobaki. Maji yaliyomo huvunjika kuwa haidrojeni na oksijeni, na joto hupanda. Betri yenye joto hupokea umeme mwingi zaidi, na umeme huo huongeza joto tena. Mwendo huo usipokatizwa, kasha huweza kuyeyuka au kupasuka. Betri zilizounganishwa sambamba zina hatari ya ziada: zile nzima humwaga umeme wao ndani ya ile mbovu hata chaja ikishazimwa.

Harufu ya mayai viza hutokana na gesi ya haidrojeni salfaidi. Pua huinasa ikiwa bado chini ya sehemu 1 kwa milioni ya hewa, lakini ikifika sehemu 100 hivi, uwezo wa kunusa hufa ganzi, na mtu hudhani gesi imekwisha kumbe imezidi. Gesi hiyo huchoma macho na koo, huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na ikiwa nyingi huua. Haidrojeni yenyewe haina harufu, ila ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche ndogo yatosha kuilipua.

Kengele za kaboni monoksaidi zinazofungwa katika magari haya nyingi hulia zikikutana na haidrojeni pia. Kengele ikilia usiku na hakuna jiko linalowaka, usidhani imeharibika ukaizima. Ifikirie betri.

Ukiona dalili hizi, toa watu wote nje kwanza na uache milango wazi. Usiwashe kiberiti wala kugusa swichi za ndani. Ukiwa nje, chomoa waya unaoleta umeme garini kutoka nguzo ya kambi. Usikimbilie kufungua nati za betri, kwa maana hapo ndipo cheche huruka. Iache ipoe kwa saa kadhaa, kisha fundi mwenye miwani na glavu aitenganishe na nyingine. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Mtu akishindwa kupumua vizuri, piga 112, namba ya dharura katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Kama betri ni ya lithiamu na inatoa moshi, kaa mbali kabisa na uwaite zimamoto.

Kinga yake haina gharama kubwa. Tumia chaja inayolingana na aina ya betri, yenye kihisio cha joto kinachoshusha volti betri inapopata moto. Hakikisha mpira wa kutolea gesi ya betri unafika nje ya gari na haujaziba. Usichanganye betri kuukuu na mpya. Kumbuka pia kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu, kwa hiyo betri iliyopita viangazi kadhaa vikali ipimwe kabla ya safari.

Haya hayawahusu wenye magari ya nyumba peke yao. Nchini Tanzania na Kenya, betri za aina hiyo hiyo huhifadhi umeme wa sola majumbani, na nyingine hukaa vyumbani wanamolala watoto. Kama yako iko chumbani, ihamishie mahali penye hewa, na ikianza kunuka mayai viza, usiichaji tena.