Kuchora Irabu kwa Programu ya R

Anayechunguza sauti za Kiswahili hukusanya mamia ya vipimo, kisha huvirundika katika jedwali lisilosomwa na mtu. Mchoro mmoja ungalitosha. Programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland mwanzoni mwa miaka ya 1990, hutolewa bure; na hilo kwetu si jambo dogo.

Tuchukue irabu tano. Formanti ya kwanza huwekwa kwenye mhimili wa wima, ya pili kwenye mhimili wa mlalo, na yote miwili sharti igeuzwe, namba ndogo zikae juu na kulia. Hapo /i/ itakuwa juu kushoto, /u/ juu kulia, /a/ chini, karibu na ulimi unavyokaa kinywani. R haigeuzi yenyewe: huamriwa kwa xlim na ylim, kikomo kikubwa kikitangulia. Asiyeamuru huchapisha kinywa kilichopinduliwa, na msomaji asiye mwangalifu huamini kwamba /a/ ni irabu ya juu.

Tena, rangi hupendeza kwenye kompyuta, lakini tasnifu hupita kwenye fotokopi, ambako nyekundu na kijani huwa kijivu kilekile. Heri kuchapa herufi ya irabu yenyewe mahali pa nukta. Mchoro uhifadhiwe kwa PDF, maana mistari yake haififii ikikuzwa. Picha ya pikseli, ikibidi, iwe na nukta 300 kwa inchi. Upana nao upangwe tangu mwanzo kulingana na ukurasa, kwani mchoro ukipunguzwa baadaye, herufi zake nazo hupungua.