Si Sahani ya Wali Iliyomwangusha

Mama lishe mmoja aliletwa kliniki na mdogo wake akiwa hasemi. Asubuhi ile alikuwa ameinjika sufuria. Maji yakachemka hadi yakakauka, naye ameketi anayatazama tu. Ndugu walikuja na maelezo yao tayari: jana yake mteja alikula akaondoka bila kulipa. Basi sahani ya wali ndiyo iliyomchanganya.

Nilipochimba, hesabu ikawa nyingine. Miezi minane alikuwa akimuuguza mama yake aliyepatwa na kiharusi, akimgeuza usiku kucha, kisha saa tisa anaamka kuwahi sokoni. Hapo hapo ana mkopo wa kausha damu, marejesho kila Jumatatu. Sahani ile ilimkuta keshakwisha.

Mtaani husemwa mishipa ya fahamu imekatika. Hakuna mshipa uliokatika, na madaktari hatuna ugonjwa wenye jina hilo. Ni namna ya kusema kwamba mtu ameshindwa kuendelea na shughuli zake. Nyuma yake huenda kuna sonona, wasiwasi uliokithiri, au mwanzo wa ugonjwa mkubwa wa akili. Na tusikimbilie kulaumu mawazo: mimi huanza kwa kumtoboa mgonjwa kidole, nipime malaria na sukari. Huuliza pia dawa anazotumia, na kama ameacha pombe ghafla.

Mwili una mpango wake wa hatari. Ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kotisoli. Moyo unaenda mbio, sukari inapanda, usingizi unaruka. Ni mpango mzuri ukikimbizwa na nyati, maana nyati hupita. Marejesho ya Jumatatu hayapiti. Kotisoli, ambayo kwa kawaida hupanda alfajiri na kushuka usiku, huweza kupoteza mpangilio wake, na mtu akakesha akihesabu mabati. Ndiyo sababu nauliza usingizi kabla ya huzuni. Huzuni wengi huikana, hasa wanaume, usingizi hawaukani.

Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ndugu wa "ana mawazo" yetu. Mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda alianza huko Harare kuwafundisha mabibi wa mtaa kukaa na wenye shida hiyo kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi hasemi "jikaze". Anamsaidia mtu kuchagua tatizo moja, moja tu, waanze nalo.

Huyu wetu tulichagua usiku. Mdogo wake akakubali kumgeuza mgonjwa siku nne kwa wiki, deni tukaliacha kwanza. Dawa alipewa pia, sitaki kudanganya kwamba mazungumzo yalitosha. Wiki ya tatu alikuja peke yake, akakaa, akaanza kulalamika kwamba mdogo wake hajui kumgeuza mgonjwa, anamvuta kama gunia.