Maji Yapandayo Mlimani: Bahari, Barafu na Mtazamo wa Kilakala katika Hadithi za Kisayansi

Hadithi ya kisayansi ni bunilizi inayoshika jambo moja ambalo sayansi inaliruhusu, kisha ikalifuata hadi mwisho wake katika maisha ya watu. Makala haya yanachunguza jambo mojawapo, yaani kuyeyuka kwa barafu na kupanda kwa kina cha bahari. Hoja yake ni kwamba swali la msingi la kisanaa si maji yatapanda kiasi gani, bali msimulizi amesimama wapi anapoyatazama.

Mfano wa kale unaihusu Tanzania moja kwa moja. Katika riwaya yake ya mwaka 1889, *Sans dessus dessous*, Mfaransa Jules Verne anasimulia habari za Wamarekani walionunua eneo la Ncha ya Kaskazini kwa tamaa ya makaa ya mawe. Ili barafu iyeyuke, wanachimba mzinga ndani ya Mlima Kilimanjaro, wakikusudia kuusukuma mhimili wa dunia kwa kishindo kimoja. Bahari ingehama, nchi nyingine zizame na nyingine ziinuke. Mpango unashindikana kwa sababu mwanahisabati wao aliacha sifuri tatu katika kipimo cha mzingo wa dunia. Verne anawakejeli wenye tamaa. Hata hivyo, mlima wenyewe umebaki chombo tu, na wenyeji wake ni nguvukazi isiyo na kauli.

Hapana budi kutofautisha aina za barafu. Barafu ieleayo baharini, kama ile ya Ncha ya Kaskazini, ikiyeyuka haipandishi sana kina cha bahari, kwani tayari imekwisha chukua nafasi yake majini. Barafu iliyo juu ya nchi kavu, hasa Antaktika na Greenland, ndiyo yenye uzito katika suala hili: ikiyeyuka yote, bahari itapanda kwa zaidi ya mita 60. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, lakini ni ndogo mno kuweza kuijaza bahari. Hiyo ni ishara, si chanzo cha gharika.

Waandishi waliomfuata Verne walisimama mjini, penye maji. J. G. Ballard, katika *The Drowned World* (1962), aliizamisha London. Kim Stanley Robinson, katika *New York 2140* (2017), aliwaacha wakazi wakiendelea kuishi na kufanya biashara katika majengo yaliyozingirwa na maji.

Kilakala, kata ya mji wa Morogoro chini ya Milima ya Uluguru, iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Hata barafu yote ikiyeyuka, mawimbi hayatafika huko. Je, basi, msimulizi wa Kilakala hana hadithi? Anayo, tena nzito. Vijito vya mji huingia Mto Ngerengere, nao huingia Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Bahari ikipanda, chumvi husogea ndani ya midomo ya mito, na watu wa pwani hutafuta mahali pa juu. Hapo wangeikuta ardhi yenye wenyewe, kwani kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Methali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe bila shamba ni mzigo tu. Nani atamkatia mgeni shamba, na kwa haki gani?

Kiswahili kina msingi wa kuijengea hadithi hiyo. Katika *Walenisi* (1995), Katama Mkangi alitumia safari ya anga kuihoji jamii ya duniani. Riwaya ya bahari ipandayo inaweza kufanya hivyo pasipo kumwondoa mhusika mlimani. Verne aliukodolea mlima macho kutoka mbali akauona mzinga. Aliye mlimani akitazama pwani atawaona watu wakipanda.