Kabla ya Kutafuta Makao, Tafuta Familia: Jinsi Kesi za Watoto Zinavyoshughulikiwa Nairobi

Chukulia mvulana wa miaka 10. Saa tatu usiku anapatikana amejikunyata kwenye veranda ya duka karibu na mzunguko wa Globe, katikati ya jiji. Hana viatu. Anasema kwao ni Kangemi lakini hataki kurudi. Msamaria mwema anamfikisha kituo cha polisi, na asubuhi afisa wa watoto anaitwa.

Kwa miaka mingi swali la kwanza katika kesi kama hii lilikuwa: apelekwe makao gani? Siku hizi afisa anatakiwa kuanza na swali jingine: huyu ni mtoto wa nani, na ni nini kilichomtoa nyumbani?

Mvulana huyu ni mfano tu, si mtoto fulani. Hata hivyo, yaliyomkuta si mageni kwa wakazi wa Kangemi, Kawangware, Riruta au Waithaka. Makala haya yanafuata kesi yake hatua kwa hatua ili mkazi aelewe kazi ya ofisi ya watoto, na ajue la kufanya akikutana na mtoto wa aina hii.

Kwa nini familia kwanza

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi. Kinasema pia kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Katika kila uamuzi, maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inafuata msingi huo. Mwezi Juni mwaka huo huo serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto, utakaotekelezwa hadi 2032. Mkakati huo una nguzo tatu: kuzuia watoto kutenganishwa na familia zao, kuimarisha malezi mbadala ya kifamilia, na kuwarudisha nyumbani watoto walio katika makao. Tayari mwaka 2017 serikali ilikuwa imesimamisha usajili wa makao mapya ya watoto.

Sababu ni kwamba inakadiriwa zaidi ya watoto 40,000 nchini wanaishi katika makao, na wengi wao si mayatima. Wana mzazi aliye hai, au nyanya, shangazi, mjomba. Walipelekwa huko kwa sababu nyumbani hakukuwa na chakula, karo au kodi ya nyumba. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini pekee usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwa wazazi wake. Uwe ishara kwamba familia hiyo inahitaji msaada.

Ushahidi wa kisayansi nao upo. Mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika makao ya mji wa Bucharest, Romania. Nusu yao walihamishiwa kwa familia za malezi, wengine wakaendelea na malezi ya kawaida ya makao. Waliohamia kwa familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa wale waliohama kabla ya kutimiza miaka miwili. Makao yanaweza kuwa safi na yenye chakula cha kutosha, lakini walezi wanabadilishana zamu, na mtoto hukosa mtu mmoja ambaye ni wake.

Hatua ya kwanza: kumpokea na kumsikiliza

Turudi kwa mvulana wa Kangemi. Kabla ya yote, afisa anahakikisha kwamba yuko salama, amekula, na amepimwa na daktari ikiwa ana jeraha au dalili za kudhulumiwa. Taarifa zake zinaandikwa katika faili, ambayo ni siri. Hapigwi picha za kusambazwa mitandaoni.

Anaweza kulazwa kwa muda katika kituo cha uokoaji. Kaunti ya Jiji ina vituo vyake, kikiwemo cha Joseph Kang'ethe upande wa Kibra. Kulazwa huko ni hatua ya dharura, na kazi ya kumtafuta wake huanza siku hiyo hiyo.

Kumsikiliza mtoto huchukua muda. Siku ya kwanza anaweza kutaja jina la uongo au kusema wazazi wamekufa, kwa kuhofia kichapo. Maafisa wenye uzoefu hawamwiti mwongo. Wanarudi kesho, wanamwuliza juu ya shule yake, rafiki zake, matatu gani aliyopanda, na kanisa au msikiti ulio karibu na kwao. Kutoka hapo ploti inaanza kujulikana.

Hatua ya pili: kuitathmini nyumba, si mtoto pekee

Afisa, pamoja na mhudumu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto anayeujua mtaa, anafika Kangemi. Chifu na mzee wa mtaa husaidia kuipata nyumba.

Tuseme anamkuta mama anayefulia watu nguo kule Lavington, siku akipata kibarua. Kodi ya miezi miwili haijalipwa. Baba aliondoka na hatumi chochote. Kijana aliacha shule baada ya kurudishwa nyumbani mara kadhaa, akaanza kuokota vyuma na chupa, kisha akafuata wenzake hadi mjini. Usiku wa mwisho mama alimchapa kwa hasira. Mama huyu amekuwa akimtafuta kwa wiki mbili, lakini hakuripoti popote kwa sababu alidhani atashtakiwa.

Ukimtazama mtoto peke yake, hapa kuna "mtoto mtukutu". Ukiitazama familia nzima, kuna matatizo manne yanayoweza kutajwa na kushughulikiwa: kodi, shule, baba, na namna ya kumrudi mtoto. Tathmini huandika pia nguvu za familia hiyo. Mama anampenda mwanawe na anajituma. Jirani humwachia funguo. Nyanya yuko Vihiga na huzungumza na mjukuu wake kwa simu.

Hatua ya tatu: kikao cha familia

Hapa ndipo utaratibu huu unapotofautiana zaidi na ule wa zamani. Afisa haandiki mpango peke yake ofisini na kumpa mzazi atie sahihi. Anaita kikao. Mama anakuwepo, na baba akipatikana. Wanaalikwa jamaa wanaoaminika, mwalimu, mhudumu wa kujitolea, na mtoto mwenyewe kulingana na umri na uelewa wake.

Nchi ya New Zealand iliuingiza utaratibu wa vikao vya familia katika sheria yake ya watoto mwaka 1989, ikijifunza kutoka kwa desturi za Wamaori za kushauriana kama ukoo. Kwa jamii za Kenya jambo hilo si geni. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Tofauti ni kwamba kikao hiki kina afisa wa serikali anayehakikisha kwamba sauti ya mtoto haimezwi na ya wakubwa.

Katika kikao, kila mmoja hutaja atakachofanya na lini. Mwalimu mkuu anakubali kumpokea mtoto Jumatatu. Mjomba anasaidia kodi ya mwezi mmoja. Baba anatia sahihi makubaliano ya wajibu wa wazazi, yanayoonyesha kiasi atakachotuma kila mwezi. Akikataa, mama anaweza kwenda Mahakama ya Watoto kudai matunzo. Mama anakubali kuhudhuria mafunzo ya malezi bila kiboko. Mtoto naye anasema jambo moja analotaka. Mara nyingi huwa dogo: asichekwe akirudi.

Hatua ya nne: msaada, kisha kurudi nyumbani

Mpango usio na msaada hubaki karatasi. Kwa hiyo afisa huiunganisha familia na huduma zilizopo. Familia inayotimiza masharti inaweza kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao chini yake kaya zinazolea mayatima na watoto walio katika mazingira magumu hupokea Sh2,000 kwa mwezi. Kuna basari. Kuna pia Dishi na Kaunti, mpango wa chakula cha mchana ulioanzishwa na Kaunti ya Jiji mwaka 2023, ambapo mwanafunzi wa shule ya umma huchangia Sh5 kwa mlo. Kwa mama anayeamka asijue kama atapata kibarua, uhakika wa mlo mmoja shuleni ni sababu ya kutosha ya mtoto kubaki darasani.

Cheti cha kuzaliwa nacho kina uzito wake. Mtoto asiye nacho hupata shida ya kusajiliwa kwa mitihani na kupata huduma. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, na asiyejua kutumia mtandao anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre, kwa mfano ile ya GPO.

Kurudi nyumbani hakufanywi kwa ghafla. Mama humtembelea mtoto kwanza, kisha mtoto huenda nyumbani kwa mchana mmoja. Akisharudi kabisa, afisa au mhudumu wa kujitolea huendelea kuitembelea familia, mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo, kisha kwa kuachanisha. Faili hufungwa tu pale inapoonekana kwamba mtoto ametulia na malengo ya mpango yametimia. Hatari kubwa ya kesi hizi ipo hapa. Mtoto aliyerudishwa bila kufuatiliwa hurudi mjini, na safari ya pili huwa vigumu zaidi kumtoa.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana katika sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018. Ilihesabu watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi.

Nyumbani pakiwa si salama

Familia kwanza haina maana ya familia kwa vyovyote vile. Mtoto aliyenajisiwa, anayepigwa hadi kuumizwa, au anayeishi na mtu anayemtishia hapaswi kurudishwa kwa aliyemdhulumu. Kesi za unajisi hazimalizwi na wazee wala kwa fidia ya mbuzi. Ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006. Mtoto afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kumkinga na virusi vya HIV. Asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi.

Hata katika hali hizo, makao huwa chaguo la mwisho. Afisa huangalia kwanza kama kuna jamaa anayefaa wa kumlea. Asipopatikana, kuna familia za malezi zilizoidhinishwa, ulezi wa kisheria, kafala kwa watoto Waislamu, na kuasili. Mahakama ndiyo inayotoa amri pale sheria inapotaka hivyo.

Nani anafanya nini

Wakazi wengi huchanganya ofisi hizi. Maafisa wa watoto wa kaunti ndogo, zikiwemo Westlands, Dagoretti na Starehe, wako chini ya Idara ya Huduma za Watoto ya serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, inasimamia elimu ya chekechea na vituo vya kutunzia watoto. Kwa mkazi, tofauti hiyo isiwe kikwazo. Akifika mlango usio wake, ana haki ya kuelekezwa kwa unaofaa, na ushauri wa afisa wa watoto hautozwi ada.

Mkazi afanye nini

Ukimwona mtoto aliyepotea, aliyetelekezwa au anayedhulumiwa, piga simu nambari 116. Haina malipo na hupokewa saa 24. Unaweza pia kwenda kituo cha polisi kilicho karibu, kwa chifu, au ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Sema ulichoona, mahali na wakati. Huhitaji kuwa na ushahidi kamili.

Usimchukue mtoto wa mtaani ukamlee nyumbani bila kuripoti, hata kwa nia njema. Wake huenda wanamtafuta, na kumhifadhi bila idhini kunaweza kukuingiza matatani.

Ukiwa mzazi uliyelemewa, nenda ofisini kabla mambo hayajaharibika. Kutafuta msaada si kukiri kosa. Mama wa Kangemi katika mfano huu alikaa wiki mbili akiogopa ofisi ambayo kazi yake ni kumsaidia kumrudisha mwanawe.

Na ukiwa mfadhili anayetoa mchele, nguo na fedha kwa makao kila Krismasi, fikiria pia familia iliyo karibu nawe. Kodi ya miezi miwili ya chumba kimoja, sare moja na jozi ya viatu vinaweza kutosha kumfanya mtoto asiondoke nyumbani hata kidogo.