Darasa la saba Mtwara: Kwa nini mazoezi ya nyumbani yamehamia shuleni

MANENO “kazi za nyumbani” yana maana mbili kwa mwanafunzi wa darasa la saba katika vijiji vya mwambao wa Mtwara, na mara nyingi maana ya kwanza huishinda ya pili. Ya kwanza ni kuteka maji, kutafuta kuni, kulea wadogo zake na kumsaidia mzazi shambani. Ya pili ni yale maswali ya hisabati aliyoyanakili ubaoni kabla ya kengele ya mwisho.

Mgongano huo una uzito wake, kwa kuwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao kwa kawaida hufanyika kwa siku mbili mwezi Septemba chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ndio unaoamua nani ataingia kidato cha kwanza Januari inayofuata. Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, na mwanafunzi huhesabiwa kuwa amefaulu akipata kuanzia alama 121 kati ya 300.

Kwa hiyo mazoezi mengi ya mwaka wa mwisho ni maswali ya mitihani iliyopita. Desturi hiyo ni ya zamani, lakini ilipata nguvu mpya baada ya mwaka 2012, mtihani ulipofanywa wote kwa kuchagua jibu, hisabati ikiwamo, na kusahihishwa kwa mashine. Mwaka huo ufaulu kitaifa uliporomoka hadi asilimia 30.7, kutoka asilimia 58.3 ya mwaka 2011. Baadaye yalirejeshwa maswali machache ya kuandika jibu, na hapo ndipo hujulikana nani alizoea kukokotoa na nani alizoea kubahatisha herufi.

Kukokotoa kunahitaji muda, na muda ndio haba. Mwanafunzi anayetoka shuleni saa 9 alasiri mwezi Julai ana takriban saa tatu tu kabla ya jua kuzama. Akitembea kilometa kadhaa na kupitia kisimani, mwanga wa bure umekwisha. Kinachobaki ni kibatari, au taa ya sola ikiwa ipo. Gesi asilia iligunduliwa Msimbati, jirani na mlango wa Mto Ruvuma, mwaka 1982, na kiwanda cha kuichakata kikazinduliwa Madimba Oktoba 2015. Hata hivyo, kwa miaka mingi watoto wa ukanda huo huo walisoma kwa mafuta ya taa.

Aidha, kalenda ya shule na kalenda ya maisha haziafikiani. Juni hadi Agosti, darasa la saba linapokaza mwendo, ndio wakati wa kupalilia mikorosho na kuipulizia salfa. Kwa wanaoishi kandokando ya bahari, maji ya bamvua yakipwa ni lazima watu watoke kuchokoa pweza na kuokota chaza, na bahari haingoji kengele. Likizo ya Juni nayo, ambayo walimu huitaka kwa masomo ya ziada, ni miongoni mwa nyakati za jando na unyago. Viongozi wamekuwa wakihimiza ngoma hizo zifanyike likizo ili zisiharibu masomo. Ushauri huo unafaa kwa madarasa mengine, lakini kwa darasa la saba likizo yenyewe ni masomo.

Kisha kuna suala ambalo halisemwi sana hadharani: msaada wa mzazi. Mzazi aliyeishia darasa la nne anaweza kumhimiza mwanawe asome, lakini hawezi kumwelekeza katika sehemu na asilimia, sembuse Kiingereza. Pengo hilo lilionekana nchini kote mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi 17 hadi Juni 29 kwa ajili ya corona na mtihani ukasogezwa hadi Oktoba. Kujifunzia nyumbani kuligeuka kuwa suala la nani ana redio, kitabu na mtu wa kumuuliza.

Jibu la shule nyingi limekuwa kambi. Miezi au wiki chache kabla ya mtihani, wanafunzi hulala shuleni, husoma usiku chini ya uangalizi wa walimu, na wazazi huchangia unga, maharage na kuni. Siri ya kambi, ikiwa ipo, si wingi wa vipindi. Ni kwamba mtoto huondolewa ndoo kichwani na kupewa taa na mtu wa kumuuliza.

Lakini kambi ina gharama. Tangu mwaka 2016 ada na michango ya lazima viliondolewa katika shule za umma, hivyo wazazi huchanga kwa hiari, tena katika miezi ambayo mifuko mingi ni mitupu: minada ya korosho huanza kwa kawaida Oktoba, mtihani ukiwa umeshapita. Asiyeweza kuchanga, mwanawe hurudi kwenye kibatari. Wazazi wa mabinti nao wana haki ya kuuliza ni nani anayelinda mabweni hayo ya muda.

Maswali hayo yatazidi uzito mwaka 2027. Kwa mujibu wa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi inapunguzwa kuwa miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamalizia darasa la sita mwaka huo huo wa 2027 ambao wenzao waliowatangulia watamaliza la saba, na makundi yote mawili yatatarajia kidato cha kwanza Januari 2028. Kwa shule yenye vyumba vichache na walimu wachache, maana yake ni madarasa mawili ya mwisho kwa pamoja, mazoezi mara mbili ya kusahihisha, na kambi moja.